Mdomo wa Kasuku Ukirefuka, Ulizia Ini Kabla ya Kushika Mkasi

Mwenye kasuku akiona mdomo wa ndege wake umerefuka na kupinda kuelekea kooni, mara nyingi wazo linalomjia kwanza ni kutafuta mkasi. Sisi tulifanya hivyo. Bahati, kasuku wetu wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliletwa nyumbani kwetu Tanga akiwa ameshaishi miaka mingi kwa jamaa aliyempenda sana, akimlisha alizeti, karanga za kukaanga na mkate uliochovywa kwenye chai ya maziwa. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeota hata ncha yake ikawa inagusa manyoya ya shingo kila alipoinamisha kichwa. Alikuja mtu mwenye sifa ya kujua ndege, akamshika, akaikata ncha ile kwa kikata kucha, mkato mmoja tu. Damu ikaanza kutoka alasiri, tone baada ya tone, na hadi baada ya isha ilikuwa haijakoma. Kesho yake daktari wa mifugo tuliyempata hakuanza na jeraha. Alimtazama ndege kwa muda bila kumgusa, akauliza anakula nini, kisha akaomba aone karatasi ya chini ya tundu.

Swali lile ndilo msingi wa mwongozo huu. Mdomo unaorefuka kupita kiasi kwa kasuku mzima, ambaye zamani mdomo wake ulikuwa wa kawaida, ni dalili, na miongoni mwa magonjwa ya kufikiriwa mwanzo kabisa ni ugonjwa wa ini. Anayeukata bila kujua hali ya ini huondoa dalili akabakiza ugonjwa. Tena humtia ndege hatarini, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya viini vinavyoigandisha damu, na ini likichoka hata jeraha dogo huchelewa kufunga.

Mdomo wenyewe ulivyo

Wengi huudhani mdomo wa ndege kuwa kitu kikavu kama pembe, kisicho na uhai. Ndani yake mna mfupa, juu ya mfupa kuna tabaka la nyama laini lenye mishipa ya damu na neva, na juu ya hapo ndipo lilipo gamba la keratini, ile protini inayounda pia kucha na nywele zetu. Neva hizo hufika karibu kabisa na ncha, ndiyo maana kasuku huweza kugeuza punje moja ya uwele kwa ulimi na mdomo akaimenya bila kuivunja. Gamba huota maisha yote ya ndege, na huliwa kwa kazi: kutafuna mbao, kupasua makokwa, kusuguana kwa mdomo wa juu na wa chini, na kujipangusa kwenye kijiti baada ya kula. Kasuku wa kijivu wa porini, kama wale wanaoonekana kwenye miti mikubwa ya Entebbe, huutumia mdomo tangu alfajiri kumenya chikichi na matunda ya msituni na kupanda matawi. Wa nyumbani aliyepewa kijiti kimoja laini na bakuli la alizeti hana kazi ya namna hiyo.

Hata hivyo, ukosefu wa kutafuna peke yake mara chache humrefusha kasuku mwenye afya mdomo kiasi cha kumzuia kula, maana mdomo wa juu na wa chini husagana wenyewe hata ndege akiwa amesinzia. Ukiona umefikia hapo, tafuta sababu ndani ya mwili.

Maganda membamba yakibambuka mara moja moja, hilo ni jambo la kawaida. Mdomo mweusi wa kasuku wa kijivu pia hufunikwa na vumbi jeupe linalotoka kwenye manyoya yake. Vumbi hilo likitoweka, mdomo ukabaki unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, hiyo si dalili njema, kwa sababu za virusi nitakazozitaja baadaye.

Namna ya kumchunguza ndege nyumbani

Chagua siku moja katika juma na uifuate. Msimamishe kasuku karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukiwa wa jua wala si wa taa, kisha umpige picha kwa simu mara mbili, uso kwa uso na kwa ubavu, kutoka umbali uleule kila juma. Jicho la mtu anayemwona ndege kila siku husahau. Picha ya miezi mitatu iliyopita haisahau, na ndiyo itakayomsaidia daktari kujua kama mdomo umerefuka polepole kwa miaka au umebadilika ghafula.

Katika picha ile tazama kwanza urefu, kisha ulinganifu wa pande mbili, kisha uso wa gamba. Ini lenye ugonjwa huambatana na gamba lililolegea, lenye matabaka yanayomenyeka na mifereji, na mara nyingi kucha nazo hurefuka na kujisokota. Kwa ndege mwenye mdomo wa rangi nyepesi, kama vile kasuku wadogo waitwao chereko (budgerigar), walio wa kijani, na cherero (lovebird) wa kaskazini mwa Tanzania, unaweza kuona mabaka meusi au ya zambarau chini ya gamba. Hiyo ni damu iliyovia bila ndege kugongwa. Kwa kasuku wa kijivu mabaka hayo hujificha kwenye weusi wa mdomo, kwa hiyo usijipe moyo kwa kutoyaona.

Manyoya nayo husema. Ndege wa kijani akianza kutoa manyoya yenye manjano au weusi mahali pasipo pake, au kasuku wa kijivu akiota manyoya mekundu kifuani ambayo hakuwa nayo, inawezekana ni maumbile yake, lakini inawezekana pia ni lishe mbaya au ini. Uliza.

Sasa njoo kwenye kinyesi, ambacho kwa maoni yangu ndicho kipimo bora kuliko vyote alivyonavyo mtu asiye na maabara. Tandika karatasi nyeupe isiyo na maandishi chini ya tundu jioni, uitazame asubuhi. Choo cha kasuku kina sehemu tatu: kuna kinyesi chenyewe, kama kamba fupi iliyojikunja, cha kijani au kahawia kulingana na chakula; kuna uji mweupe kama chokaa, ambao ni mkojo mzito; na kuna maji maangavu yanayozunguka pembeni. Tazama ule weupe. Kasuku akila mchicha, kinyesi huwa cha kijani na weupe hubaki weupe. Lakini weupe wenyewe ukigeuka kuwa wa kijani au wa manjano, rangi ya embe bichi lililokatwa, fikiria ini mara moja. Sababu yake ni kwamba nyongo ya ndege, tofauti na ya binadamu, rangi yake kuu ni ya kijani, na ini lisipoweza kuitoa kwa njia yake ya kawaida hupitia kwenye figo. Ndiyo maana ni nadra kuona macho ya kasuku mgonjwa wa ini yakiwa manjano kama ya mtu mwenye homa ya manjano. Umanjano wake uko kwenye karatasi ya tundu.

Usikosee kwa kutazama choo kimoja. Tunda lenye rangi kali likipita huchafua kila kitu kwa saa chache. Choo cha siku mbili mfululizo, kabla ndege hajapewa matunda asubuhi, ndicho cha kutegemea.

Mwisho, mpime uzito. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Weka kijiti juu yake, irudishe kwenye sifuri, mpandishe ndege. Kasuku wa kijivu wengi huwa kati ya gramu 400 na 500, cherero huwa karibu na gramu 50. Andika namba hiyo kila juma, saa ileile, kabla hajala. Pitisha pia kidole juu ya mfupa wa kidari. Ukiwa umezama katikati ya vimilima viwili vya nyama na mafuta, ndege amenenepa. Ukiwa mkali kama mgongo wa kisu, amekonda. Ugonjwa wa ini lililojaa mafuta huanza kwa yule wa kwanza na mara nyingi humalizia kwa wa pili, kwa hiyo unene wa kasuku usichukuliwe kuwa dalili ya matunzo mema.

Kuna dalili ambazo hazingoji siku ya kupima: ndege aliyejitutumua manyoya mchana kutwa, anayehema huku mkia ukipanda na kushuka, aliyevimba tumbo, aliyekataa chakula, au aliyekaa chini ya tundu. Kasuku huficha ugonjwa hadi nguvu ziishe, kwa hiyo ukiiona dalili ya namna hii ujue ugonjwa umeshakaa muda mrefu. Mpeleke siku hiyohiyo.

Sababu nyingine zinazoharibu mdomo

Si kila mdomo mbaya ni ini. Kwa ndege wadogo, hasa chereko, utitiri huchimba kwenye ngozi ya pembeni mwa mdomo na kuacha ukoko wa kijivu wenye vitundu vidogo kama sifongo. Daktari hukwangua kidogo, akautazama kwa hadubini, na dawa yake ni rahisi. Usipake mafuta ya taa wala oili ya gari, kama inavyofanyika kwa kuku, kwani ndege huyo mdogo huyameza anapojipangusa. Kuna pia ugonjwa wa virusi vya mdomo na manyoya, ambao hufanya gamba lipasuke, manyoya yaote yakiwa yamenyongeka na lile vumbi jeupe lipotee. Huo huambukiza na hauna tiba, hivyo ndege anayeshukiwa atengwe na wenzake. Kinda aliyelishwa kwa mkono vibaya huweza kukua na mdomo uliopinda upande mmoja. Na aliyejigonga dirishani huweza kuotesha gamba kombo mahali alipoumia.

Upungufu wa vitamini A hauna budi kutajwa peke yake, kwa sababu huja pamoja na ini lenye mafuta kwenye bakuli lilelile. Mbegu kavu hazina vitamini hiyo ya kutosha. Kasuku anayeikosa huota mabaka meupe mdomoni, hupiga chafya mara kwa mara, na ngozi ya ndani ya mdomo huwa ngumu na kavu.

Bakuli la alizeti na karanga

Katika ndege mafuta ya mwili hutengenezwa hasa ndani ya ini. Kwa kasuku aliyefungiwa tunduni, anayechagua punje za alizeti na kuacha kila kitu kingine, mafuta huingia kuliko yanavyotumika, na protini na vitamini zinazohitajika ili yasafirishwe kutoka kwenye ini hazipo. Mafuta hukaa palepale. Chembe za ini hujaa, ini huvimba, na kazi zake, ikiwamo ya kutunza vitamini A na kutengeneza protini za damu, huzorota. Hii ndiyo njia ya kawaida ambayo ndege anayependwa sana huuawa na upendo.

Karanga zina hatari ya pili, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa bila kukauka vizuri huota kuvu anayezalisha sumukuvu, na sumukuvu huliharibu ini la mtu na la ndege. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Kasuku wa gramu 450 hula punje zilezile tunazozihofia, na mara nyingi hupewa zile zilizokataliwa jikoni: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizobaki chini ya gunia. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo, kwa maana huvumilia moto wa jikoni. Nisemavyo mimi ni kwamba karanga hazina nafasi kwenye bakuli la kila siku la kasuku; zikibaki ziwe zawadi, moja au mbili kwa siku kwa ndege mkubwa mwenye afya, zile ambazo wewe mwenyewe ungempa mtoto wako.

Metali nazo huumiza ini. Matundu mengi yanayochomelewa mitaani hutengenezwa kwa waya uliopakwa zinki, na kasuku huubambua upako huo kwa mdomo. Kama huna tundu la chuma kisichoshika kutu, sugua waya mpya kwa siki na brashi ngumu hadi ule unga mweupe utoke, suuza kwa maji mengi, anika juani, na urudie. Kufanya hivyo kunapunguza hatari ingawa hakuiondoi yote. Funguo, mikufu ya bei rahisi na vipande vya risasi vya wavuvi visiwe karibu na tundu.

Kwa daktari

Tafuta daktari wa mifugo aliyewahi kutibu ndege wa tunduni, na ukimkosa, nenda kwa yeyote aliye tayari kuwasiliana na mwenzake mwenye uzoefu. Nenda na picha zako, daftari la uzito, karatasi ya choo cha asubuhi hiyo, na sampuli ya chakula chenyewe. Eleza kila kitu anachokula bila kuona haya, pamoja na soda na maandazi.

Kipimo cha damu kinachoeleza kazi ya ini la ndege vizuri zaidi ni cha asidi za nyongo. Kimeng'enya cha AST hupimwa pia, lakini hupanda hata misuli ikiumia, kwa mfano ndege aliyepambana alipokuwa akishikwa, kwa hiyo hupimwa pamoja na CK, kimeng'enya cha misuli, ili kujua kama tatizo ni ini au misuli. Maabara za binadamu huzoea kupima kimeng'enya kingine, ALT. Kwa kasuku kipimo hicho husaidia kidogo sana, na ikiwa ni cha kawaida usirudi nyumbani ukidhani ini ni zima. Damu inayochukuliwa kwa ndege mwenye nguvu haizidi asilimia 1 ya uzito wake, yaani mililita 4 kwa ndege wa gramu 400, na kwa aliye dhaifu huwa chini ya hapo. Uliza hilo kabla sindano haijaingia, hasa ikiwa daktari amezoea ng'ombe na mbwa. Picha ya eksirei huonyesha kama ini limevimba, na uhakika kamili hutokana na kipande kidogo cha ini lenyewe, jambo ambalo halifanywi kabla ya kujua kama damu inaganda.

Mwambie daktari pia kama kuna mtu nyumbani mwenye homa na kikohozi kisichopona. Homa ya kasuku, inayosababishwa na bakteria, hushambulia ini la ndege, huugeuza weupe wa choo kuwa wa kijani, na humwambukiza mtu kwa vumbi la kinyesi kikavu hadi kumletea nimonia. Tiba ya ndege ni ya siku 45, haikatizwi hata akichangamka. Wakati huo lowanisha karatasi ya tundu kwa maji kabla ya kuiondoa, na uvae barakoa.

Hapa niseme neno kwa wale wanaoogopa kwenda kwa daktari kwa sababu ya vibali vya kumiliki ndege. Tangu tarehe 2 Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Sheria hiyo ni ya haki, kwani misitu imeachwa kimya mahali pengi. Kama hujui hali ya ndege wako kisheria, iulize mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako, usimnunue mwingine aliyetoka porini, na usimwache huyu uliye naye afe tunduni kwa hofu ya kuulizwa.

Matibabu ya ini lenye mafuta ni uvumilivu zaidi kuliko dawa. Daktari huweza kumwongezea ndege maji mwilini, na kumpa vitamini K akiwa anavuja damu, laktulosi, na dawa ya mmea iitwayo silimarini. Ndege asiyekula hulishwa uji maalumu kwa bomba, na kazi hiyo ni ya aliyefundishwa, kwa kuwa uji ukiingia kwenye njia ya hewa humwua papo hapo. Majani ya mwarobaini, mshubiri na dawa nyingine za nyumbani ziache; ini linaloumwa ndilo linalopaswa kuzichakata. Mweke mahali penye joto la nyuzi 28 hadi 30, jambo ambalo Tanga au Mombasa huja lenyewe kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini kwa aliye Arusha, Nairobi au Mbeya usiku huhitaji taa ya joto upande mmoja wa tundu ili ndege aweze kusogea akipenda.

Kupunguza mdomo, na damu ikitoka

Mdomo uliorefuka hadi kumzuia ndege kula hauna budi kupunguzwa, na hufanywa na daktari baada ya kujua hali ya damu, kwa tupa au mashine ndogo ya kusaga, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa majuma. Mkasi na kikata kucha hupasua gamba kwa urefu, na mpasuko huo huweza kufika kwenye nyama. Mdomo ukirefuka, mishipa ya ndani nayo husogea mbele, kwa hivyo mahali palipokuwa salama kukatwa mwaka jana huenda leo pana damu. Anayemshika ndege asimbane kifua, kwa sababu kasuku hupumua kwa kutanua kidari, akibanwa hukosa hewa.

Ikitokea ajali, zima kelele, punguza mwanga, mfunge ndege kwa taulo, kisha ukandamize unga wa wanga wa mahindi, au hata unga wa ngano, kwenye ncha inayovuja kwa dakika tatu hadi tano bila kufunua kutazama. Sisi tulifunua kila nusu dakika, na kila tulipofunua tulikivunja kile kilichokuwa kimeanza kuganda. Damu isipokoma baada ya kufanya hivyo mara mbili, usingoje asubuhi.

Kubadilisha chakula

Hii ndiyo kazi kubwa. Ukiondoa mbegu zote kwa siku moja, kasuku mwenye ini lenye mafuta huweza kukaa na njaa mbele ya bakuli lililojaa mboga asizozitambua kuwa chakula, na njaa huongeza mafuta kwenye ini kwa kuwa mwili huanza kuyavuta mafuta yake wenyewe. Mpe majuma sita hadi nane, na kama ni mzee, zaidi.

Anza kwa kuacha kumwekea mbegu siku nzima. Mpe asubuhi na jioni, kipimo kilekile, na kati ya nyakati hizo kiwepo chakula kipya peke yake. Alfajiri, kabla ya mbegu, ndipo njaa yake huwa kali na ndipo hujaribu. Sisi tulichemsha mahindi na kunde hadi vikaiva kabisa, bila chumvi, tukachanganya na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyopondwa, karoti iliyokunwa, matembele na sukuma wiki zilizokatwa ndogo, na kunyunyiza juu yake punje chache za alizeti ili alazimike kuchakura. Siku nne za mwanzo alizichomoa punje na kutupa mengine sakafuni. Siku ya tano nilikaa mbele yake nikala kiazi kilekile kwa kijiko, polepole, nikimsifu ladha yake. Akakikodolea jicho moja, kisha la pili, akanyoosha shingo akadokoa. Kasuku ni ndege wa kundi, hukiamini chakula anachoona mwenzake anakila.

Chakula cha vidonge kinachotengenezwa kwa ajili ya kasuku ni kizuri kwa wanaokipata, na madaktari wengi hukitaka kiwe sehemu kubwa ya mlo, lakini katika miji yetu huwa adimu na ghali, na kikikaa dukani muda mrefu huchacha. Asiyekipata asikate tamaa. Boga na majani yake, pilipili hoho nyekundu, papai na embe huleta vitamini A. Choroko zilizooteshwa siku moja au mbili, zikaoshwa vizuri, huleta protini. Mchicha ni mzuri lakini usiwe peke yake kila siku, maana una vitu vinavyozuia kalsiamu, na kasuku wa kijivu anajulikana kwa kupungukiwa na kalsiamu hadi kupata degedege. Kwa hilo mpe mfupa wa dome unaookotwa ufukweni, uliolowekwa kwenye maji baridi kwa siku kadhaa ukibadilisha maji, kisha ukaanikwa hadi ukakauka. Tone dogo la mawese mekundu mara mbili kwa juma linafaa kwa kasuku wa kijivu mwenye afya, ambaye porini hula chikichi, ila kwa aliye na ini lenye mafuta subiri ruhusa ya daktari.

Parachichi usimpe kamwe, hata kipande, kwa kuwa lina sumu inayouharibu moyo wa ndege. Maharage mabichi au yaliyoiva nusu, muhogo mbichi, chokoleti, kahawa, pombe, chipsi, maandazi na chai ya maziwa viwe mbali. Vitamini za unga usizitie kwenye maji ya kunywa. Maji huchacha, ndege hunywa kidogo, na vitamini A ikizidi hulimbikizana kwenye ini lilelile unalolitibu.

Katika majuma haya mpime kila siku. Akipungua kwa asilimia 10 ya uzito wa mwanzo, rudisha mbegu na umwone daktari. Choo kikiwa kidogo, chembamba na cha kijani kilichokolea kuelekea weusi, ujue anacheza na chakula bila kukila, hata kama bakuli limevurugwa.

Mpe kazi pia. Matawi ya mpera yenye magome, ya unene unaotofautiana ili miguu isichoke, yaliyooshwa na yasiyopulizwa dawa, hutosha kuwa vijiti na vya kutafuna. Kumbi la nazi likifichwa kipande cha karoti ndani humshughulisha kasuku asubuhi nzima. Mfungulie chumbani apande na kuruka, madirisha yakiwa yamefungwa na pazia likiwa limeshushwa, kwa sababu mafuta ya ini hayaondoki kwa ndege aliyekaa.

Usitazamie mdomo ubadilike haraka. Weupe wa choo cha Bahati ulirudi kuwa mweupe katika juma la tano, uzito ukashuka taratibu kutoka gramu 540 hadi 470 kwa miezi mitano, lakini mdomo uliendelea kuwa na maganda, na daktari aliusaga mara tatu zaidi. Katika picha za mwezi wa nne ndipo tulipoona mstari: juu, karibu na pua, gamba jipya lilikuwa laini na jeusi, na chini yake gamba la zamani lilikuwa bado lina mifereji. Kila juma mstari ule ulishuka kidogo. Mwezi wa tisa ulifika nchani, na asubuhi moja tulikuta kipande cha mwisho cha gamba la zamani, chepesi kama ganda la kitunguu, kimeng'ang'ania kwenye gome la mpera.